Mwanangu, kuhusu kufunga na usiku wa simu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma peke yangu, kama ulivyoomba. Unauliza kama kufunga kunaweza kukusaidia kuyashinda yale unayoyatazama kwenye simu usiku. Kunaweza. Ila usiwasikilize wanaosema kwamba ukikaa siku tatu bila kula, roho chafu itakimbia na hutatamani tena. Ukifunga kwa tumaini hilo, siku ya nne tamaa ikirudi utadhani Mungu amekukataa, na utaanguka vibaya kuliko mwanzo.

Tamaa haifi kwa njaa. Mfungo unaufundisha mwili kwamba unaweza kudai kitu, ukanyimwa, na usife. Chakula ni halali, Mungu mwenyewe ndiye aliyekiumba, na kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunzia: anayezoea kujinyima kilicho chake kwa muda, anapata mkono wa kusukuma kisicho chake. Utaona mwenyewe. Saa sita mchana njaa hupanda, hukubana kwa muda, kisha hushuka hata kama hujatia kitu kinywani. Watu wengi hawajui hilo, maana hawajawahi kuiacha njaa ipite. Tamaa ya saa tano usiku ina tabia hiyo hiyo. Inakuambia kwamba itaendelea kupanda mpaka uitii, na huo ni uongo.

Soma Mathayo 4 polepole. Bwana alifunga siku arobaini, mwisho akaona njaa, na hapo ndipo mjaribu alipomjia. Alimjia baada ya mfungo, mwili ukiwa umechoka. Weka hilo moyoni: saa ya hatari kwako ni jioni unapofungua, na usiku unaofuata, unapojiambia kwamba umefanya kazi kubwa na sasa unastahili kupumzika. Angalia pia kwamba majibu yake matatu yote yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Hakuanza kuyatafuta jangwani, alikuwa nayo tayari. Basi kabla hujafunga hata mlo mmoja, jifunze kwa moyo hilo la kwanza: «Mtu hataishi kwa mkate tu, ila kwa kila neno litokalo katika kinywa cha Mungu.» Uweze kulisema gizani bila kufungua Biblia, hasa Biblia iliyo ndani ya simu hiyo hiyo.

Sasa namna ya kufanya. Wiki mbili za kwanza, acha chakula cha mchana tu, siku moja kwa wiki. Halafu nenda jioni hadi jioni: kula Jumanne saa kumi na mbili, usile tena mpaka Jumatano saa kumi na mbili. Ukiifuata njia hiyo hulazimiki kupita usiku mzima wa pili ukiwa na njaa, na unakosa milo miwili tu. Baki hapo, mara moja kwa wiki, kwa wiki sita au saba. Wakristo wa kwanza walifunga Jumatano na Ijumaa, na Wakatoliki wanafunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa mlo mmoja kamili na miwili midogo. Utaona kwamba Kanisa halikupima ibada kwa wingi wa siku. Usichague siku ya mtihani wala siku ya kazi nzito juani, hasa mwezi wa kumi ambapo Lubumbashi inachoma.

Kunywa maji, lita mbili au zaidi, kidogo kidogo tangu asubuhi. Najua kwenye makesha wanasifu kufunga kavu, yaani bila hata maji, na kumtaja malkia Esta wa Biblia. Esta alifanya hivyo siku tatu kwa sababu amri ya kuua taifa lake ilikuwa imetoka, na wewe huko chuoni Kasapa huna amri hiyo. Injili inasema Yesu aliona njaa, kiu haikutajwa. Bila maji, figo ndizo zinazolipa. Kama unakunywa kahawa kila siku, ipunguze siku tatu kabla, vinginevyo kichwa kitakuuma kuanzia asubuhi na utalaumu shetani kwa jambo la kahawa. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na soda usizihesabu kama maji: zina sukari, zitaamsha njaa upya.

Muda wa chakula usiujaze kwa usingizi wala mpira. Kwa kawaida ungetumia nusu saa kupika na kula bukari, ugali wetu. Nusu saa hiyo ni ya Mungu. Soma Zaburi ya 51 kwa sauti, taja dhambi kwa jina lake, kisha kaa kimya. Na pesa ya chakula hicho usiiweke mfukoni. Isaya 58 inataka mfungo unaomgawia mwenye njaa chakula, na kwenye njia ya kwenda mjini hutakosa wa kumpa.

Kufungua kuna adabu yake. Anza na uji mwepesi au ndizi, ungoje kidogo, ndipo ule bukari na mboga ya lumanda, kiasi cha siku zote. Anayeshambulia sahani ya nyama na mafuta mengi anaumwa tumbo, tena anaufundisha mwili kwamba kusubiri ni njia ya kulipwa maradufu. Somo lote la siku linapotelea hapo.

Jumatano hiyo simu nayo ifunge. Saa mbili usiku mpe mwenzako wa chumba, akurudishie asubuhi. Usiiweke chini ya mto ukitegemea nguvu zako. Usingizi ukikataa, usilale kitandani ukipigana na mawazo. Inuka, nawa uso, toka nje penye watu, useme lile neno ulilojifunza.

Yako mambo yatakayoharibika. Utakuwa mkali kwa wenzako; ukiwatukana, omba msamaha kabla ya kuendelea. Utaanza kujiona mtakatifu kuliko wao, kama yule Farisayo wa Luka 18 aliyemhesabia Mungu mifungo yake miwili kwa juma. Huyu namwogopa kuliko njaa. Paulo anawaambia Wakolosai kwamba kuutesa mwili kwa amri za wanadamu kunaonekana hekima, lakini hakufai kitu kuzuia tamaa za mwili. Mfungo usio na maombi ni hicho tu. Na usiku mmoja ukianguka, usijiadhibu kwa kuongeza siku. Tubu, lala, ule asubuhi kama kawaida, urudi Jumatano ijayo.

Ukitetemeka, ukatoka jasho baridi, macho yakawa giza unaposimama, kunywa maji yenye sukari hapo hapo, ule, mfungo wa siku hiyo umekwisha bila dhambi yoyote. Ukiwa na malaria au unameza dawa zinazotaka chakula, usifunge chakula. Funga muziki, funga simu, kula bila chumvi. Danieli naye, kwa majuma matatu, aliacha nyama, divai na chakula kitamu tu. Na mtu yeyote akikuambia uache dawa ili imani ionekane, toka katika chumba hicho.

Mwambie mtu mmoja aliyekomaa, mchungaji wako au mimi, ili usipigane peke yako. Wengine wote waone uso ulionawa, wasijue kwamba unafunga. Niandikie ni wiki gani utaanza. Mama yako hatajua sababu, lakini mimi huku Bukavu nitafunga Jumatano hizo pamoja nawe, na saa sita mchana nitakuwa nimekutaja jina.

Baba yako