Usiing'oe ile mizabibu kabla hujaisoma barua hii

Berlin, Novemba

Mbukwa, Mama Neema!

Hamjambo huko? Mguu wa mama unaendeleaje? Sisi wazima, ni baridi tu ndiyo inatutafuna. Saa kumi na moja jioni giza limeshatanda. Salamu nyingine nitazimalizia chini, maana nina neno limenikaa tangu Jumamosi, na nikichelewa utakuta umeshaita watu wa majembe.

Ujumbe wako ulinikuta kazini. Unasema unang'oa mizabibu yote ya marehemu mzee ili upande alizeti, kwa sababu mnunuzi msimu uliopita alikuacha na zabibu zikachachia kwenye makreti. Nilirudia kuusoma mara tatu. Sikukujibu, na si kwamba nilikupuuza. Mtu anayekula mshahara wa mwisho wa mwezi atamwambia nini mkulima? Nikanyamaza. Sasa ninalo la kusema.

Yule mwenzangu wa zamu ya usiku, yule aliyeniletea supu nilipougua, alitimiza miaka arobaini akatualika chakula cha jioni. Unakumbuka wazazi wake walitoka Vietnam miaka ya 1980 kuja kufanya kazi za mkataba viwandani, Ujerumani Mashariki. Ukuta ulipoanguka mwaka 1989 wao wakabaki. Alituchagulia mgahawa mdogo, meza kumi hivi, ukuta mmoja wote umejaa chupa toka chini hadi juu. Pale mvinyo ndiyo mwenye nyumba, chakula kinapikwa kuifuata. Na chakula chenyewe ni cha huko Asia: cha Thailand, cha Vietnam, na kidogo cha Japani. Karatasi ya chakula ni moja tu, lakini orodha ya mvinyo ni nene kama Biblia ya bibi.

Nimekaa tu, nikasikia kinu. Mama Neema, kinu! Twa, twa, twa, kutoka jikoni, katikati ya Berlin. Nikainuka kwenda kuchungulia. Kijana ameshika mchi, anaponda pilipili na kitunguu saumu, kisha akatia papai bichi lililokatwa nyuzinyuzi, karanga, ndimu, na sosi ya samaki ambayo harufu yake ni ya dagaa waliokaa juani. Alikuwa hatwangi kwa nguvu. Anagonga kidogo, anageuza kwa kijiko, anagonga tena, ili papai lilegee lisipondeke. Nilisimama pale mpaka mwenzangu akaja kunivuta mkono.

Basi nikaagiza mvinyo nyekundu, kwa sababu tangu ujana wetu mvinyo ni nyekundu, ile ya harusini. Nikala papai, nikanywa. Kinywa kiliwaka moto! Kisha kikabaki na ladha ya chuma, kama nimelamba sarafu. Yule mtu wa mvinyo aliniona, akaja taratibu akaniuliza kama anaweza kunibadilishia. Akanieleza kwamba pilipili inaamsha kwenye ulimi kilekile kinachohisi moto, na kilevi nacho kinagusa hapohapo, kwa hiyo mvinyo kali juu ya pilipili ni kuchochea kuni. Na ile hali ya kukausha ulimi inayotoka kwenye maganda ya zabibu nyekundu haipatani na pilipili. Vitu vya samaki navyo vinaifanya nyekundu iwe na ladha ya chuma.

Akaniletea Riesling, mvinyo ya bonde la Mosel huku Ujerumani, nyeupe, baridi mpaka glasi ikatoka jasho. Kilevi chake asilimia 8 tu, na utamu kidogo, kwa sababu wanaisimamisha kabla sukari yote haijageuka kilevi. Utamu ukaitandikia pilipili mkeka ikalala. Na ule ukali wake wa limao ukashikana na ndimu ya kwenye papai. Nilinyamaza kabisa. Akanisimulia kwamba kule Mosel mizabibu inapandwa kwenye miteremko mikali, na ule wa Calmont unafika digrii 65, mtu anavuna kama anapanda ngazi. Udongo ni mawe meusi yanayochanika vipande, yanashika joto la mchana na kuirudishia mizabibu usiku. Nikawaza Hombolo, kwetu Dodoma, jua lile la bure.

Baadaye akaja samaki wa tui la nazi, na mchaichai, na majani ya mlimau, na pilipili mbichi. Shangazi wa Tanga angeuliza kitu kimoja tu: mchaichai umetokaje kwenye chai ukaingia kwenye samaki. Lakini mchuzi angeutambua.

Sasa sikiliza, ndiyo sababu ya barua yenyewe. Kwa samaki huyo yule bwana alileta chupa nyingine, ya Afrika Kusini, nikasoma karatasi yake: Chenin Blanc, aina ya zabibu nyeupe. Nikasoma tena. Chenin! Ile mistari ya marehemu mzee upande wa kisima, ile uliyosema haina maana kwa sababu kila mtu anataka nyekundu. Asili yake Ufaransa, bonde la Loire, na hapa glasi moja wanaiuza yuro 9. Ilikuwa na harufu ya tofaa na asali, na juu ya tui ikawa laini, haikushindana nalo. Machozi yalinilenga, nakwambia kweli.

Nikamwambia yule bwana kwetu tunayo. Hakuamini. Nikamwandikia kwenye karatasi: Dodoma, zabibu zililetwa na wamisionari pale Bihawana miaka ya 1950, tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hiyo ya mara mbili ndiyo iliyomkalisha chini. Wao ni mara moja, vuli, basi. Kisha akauliza: na hiyo nyeupe mnainywa na chakula gani?

Nikakosa jibu. Mimi na wewe tumezaliwa kwenye zabibu, lakini nani aliwahi kutuwekea nyeupe ya baridi kando ya samaki wa nazi? Au kuku wa pilipili na ukwaju unaompika wewe? Pilipili tunayo, ukwaju unaanguka chini hatuuokoti, nazi inakuja na basi kutoka pwani. Kila kitu kipo, ila havijawahi kukaa meza moja.

Sijasahau makreti yaliyochacha. Samaki wa Berlin hawalipi ada ya Neema. Ninachoomba ni uache ile mistari ya kisima peke yake. Hizo nyingine ni uamuzi wako na sitakusumbua. Machi ikifika, usingoje lori la mnunuzi mmoja. Wapo wasindikaji wadogo hapo mjini, wapelekeeni mzigo kwa pamoja, wewe na majirani. Huku Ujerumani kuna kijiji kinaitwa Mayschoß, bonde la Ahr. Mwaka 1868 wakulima wa zabibu waliungana wakawa na pipa lao wenyewe, maana bei walikuwa wakipangiwa. Dumu zako na kodi ya kulaza mzigo nitachangia mimi. Nimeshapiga hesabu, na nimeshamwambia mume wangu.

Halafu pale bandani kwako, Jumamosi moja tu, mpikie mwalimu na wale wa Kizota yule kuku, uwawekee chupa nyeupe iliyolala kwenye barafu. Uniambie nyuso zao.

Je, umeshalipa wa majembe? Ile mistari ya kisima ni mingapi sasa, na waya wake bado umesimama? Mama anasemaje, umemuuliza kweli au umemwamulia? Baba Neema yuko upande gani? Dawa ya ukungu ulipiga mvua za kwanza? Na yule kijana wa Makutupora aliyekuwa akija kupogolea bado anapatikana, ama ameshaenda Dar?

Nijibu leo hata kwa sauti, mtandao ukikubali. Jumapili niko nyumbani siku nzima.

Wako,
Mama Baraka

Kisu cha kupogolea ulichoniagiza nimeshakinunua. Anakuja nacho dada yake mwalimu, tarehe 20.