Kwa mpwa wangu anayetaka lugha nne kwa mpigo

Mwanangu,

Mamako kanipigia juzi usiku, na hata salamu hazijesha akanishtaki kwamba ni mimi niliyekutia wazimu. Ati umepata nafasi Ujerumani kusoma Romanistiki, yaani elimu ya lugha zilizozaliwa na Kilatini, na kwenye fomu umejaza Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano na Kireno, zote. "Mwambie achague moja," akasema, "asije akachanganyikiwa hata Kiswahili kikamtoka." Nikamwahidi kuwa nitakuandikia. Sikumwambia nitaandika nini.

Tuanze na huko kuchanganyikiwa. Unamkumbuka bibi yako, Mungu amrehemu, pale uani kwetu Mombasa. Mtu wa Lamu yule mpaka anaingia kaburini. Akikuita alisema "ndoo", akiumwa na kichwa alisema "kitwa", na macho kwake yalikuwa "mato". Redio ikisoma habari kwa Kiswahili cha shule, yeye akiijibu kwa Kiamu, nasi watoto tumekaa katikati tunawasikia wote wawili. Nani alikukalisha chini akakueleza kwamba palipo na "t" ya bibi, mwalimu anataka "ch"? Hakuna. Na shuleni hukuwahi kuandika "mato" hata siku moja.

Sasa tazama. Usiku kwa Kiitaliano ni notte, kwa Kihispania noche. Maziwa ni latte na leche. Nane ni otto na ocho. Ni yaleyale ya mato na macho! Lugha hizo hazina udugu na zetu, ila ulimi wa binadamu una mazoea yake. Mreno atakwambia noite, leite, oito, na Mfaransa nuit, lait, huit. Kilatini kilikuwa na noctem, lactem, octo, na ile "ct" ya katikati kila mtoto akaitafuna kwa meno yake. Ukishaliona hilo, fatto ya Kiitaliano inakudokeza yenyewe kwamba Mhispania atakuwa na hecho na Mreno feito. Anayesoma lugha mojamoja hukariri maneno. Wewe utakariri njia ambayo maneno yamepita.

Tena si jambo geni. Friedrich Diez, aliyefundisha Bonn, alianza kuchapisha sarufi ya lugha hizi kwa pamoja mwaka 1836. Kule Aix-en-Provence, Ufaransa, Claire Blanche-Benveniste na wenzake walitengeneza namna ya kumfanya mwenye lugha moja kati ya hizi nne azisome zile tatu nyingine kwa wakati mmoja. Frankfurt, Horst Klein na Tilbert Stegmann wakaja na machekeche saba: unalichekecha andiko usilolijua, kwanza unaokota maneno yanayojulikana dunia nzima, kisha yale ambayo ukoo mzima unayo, kisha unayoyatambua kwa sauti kama hizo za noche na notte, hivyo hivyo mpaka kilichobaki ni kidogo. Lakini angalia, shabaha yao kubwa ilikuwa kusoma na kuelewa. Kusema ni habari nyingine, na hapo mamako ana haki yake.

Mimi nilianza na Kihispania. Miezi saba baadaye nikaenda Lisbon na wanafunzi wenzangu, tukaingia mkahawani, nikaona kwenye orodha ya vyakula neno polvo. Kwa Kihispania polvo ni vumbi. Nikacheka moyoni, nikaagiza kuku. Mara jirani yangu akaletewa sahani ya pweza, amechomwa vizuri, mafuta ya zeituni yanamtiririka. Mimi, mtoto wa Mombasa! Pesa za kuagiza tena sikuwa nazo.

Ziko nyingi za namna hiyo. Burro ni siagi Italia na ni punda Uhispania. Salir kwa Mhispania ni kutoka, kwa Mfaransa ni kuchafua, na salire ya Mtaliano ni kupanda. Halafu kuna jinsia. Maziwa, chumvi, asali, damu, hata pua, Mhispania kazifanya zote za kike, na wenzake wote watatu wanazo za kiume. Sababu niliitafuta mpaka nikachoka. Tia kichwani tu.

Kwa hiyo usizibebe nne kwa uzito mmoja. Kozi nyingi huko zina lugha ya kwanza na ya pili. Nyingine utazipata pembeni. Ya kwanza iseme kila siku, mpaka uweze kugombana nayo sokoni. Zile nyingine mwaka wa kwanza zisome tu, usizifungulie mdomo. Ningekuwa wewe ningeanza na Kiitaliano au Kihispania, kwa kuwa unachokisikia ndicho unachokiandika. Kifaransa kwenye karatasi ni ndugu mpole. Kikisemwa kinameza nusu ya herufi zake. Kireno utakuta mlango uko wazi: meza, bendera, leso, kasha na kopo tulizitoa kwao. Na gereza pia. Kwao igreja ni kanisa. Waliojenga Fort Jesus kuanzia 1593 waliweka kanisa ndani ya ngome, na Waingereza walipokuja wakaifanya ngome nzima jela. Umepita pale mara ngapi ukienda kununua mabuyu?

Uliza mapema kama wanadai Kilatini. Wakidai, usikimbie, usinune. Mwaka 813 mkutano wa maaskofu pale Tours uliagiza mahubiri yatolewe kwa lugha ya watu wa kawaida, maana Kilatini waumini walikuwa hawakielewi tena. Ukikijua kile kilichowashinda wale waumini, nusu ya kazi yako imekwisha.

Mamako nitamtuliza. Wewe nitumie ratiba ya muhula kabla hujatia saini. Na nenda kwenye lile kabati la bibi, droo ya chini, kuna daftari langu lenye jalada la kijani, limepigwa mistari safu tano. Safu nne zimejaa. Ya tano ni ya Kiromania, inaanza na noapte, lapte, opt, na inaishia ukurasa wa tisa. Nilichoka.

Mjombako