Kwa wanangu wa kikundi cha kusoma: Salmi Manja ana jina lake

Wanangu,

Jumamosi nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni wenu, na mgeni hagombi. Leo niko kwangu, nagomba.

Mmoja wenu alituzungumzia fasihi ya Kimalei, na alizungumza vizuri. A. Samad Said alipewa robo saa nzima. Riwaya yake, Salina, ikasimuliwa mpaka tukavinusa vichochoro vya Kampung Kambing, kitongoji inamotokea hadithi yenyewe. Salmi Manja akapewa maneno matatu: "Mkewe pia aliandika." Halafu tukahamia kwa mwingine.

Pia! Hari Mana Bulan Mana, riwaya ya huyo "mkewe", ilitoka 1960. Salina ilichapishwa 1961. Sasa aliyeandika "pia" ni nani? (Najua Salina iliandikwa 1958 kwa ajili ya shindano. Msiniletee hiyo.)

Alizaliwa Singapore mwaka 1937, wazazi wakamwita Saleha. Salmi Manja ni jina la kalamu. Alikuwa mwandishi wa habari, na katika riwaya hiyo akamweka msichana anayefanya kazi hiyohiyo. Mtu amejijengea jina lake mwenyewe, kisha nyinyi, vijana mliosoma, mnamrudisha chini ya jina la mume!

Nasema kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Hadithi yangu ya kwanza ilipotoka gazetini, chini yake waliandika kuwa mimi ni mke wa mwalimu fulani. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, hakujua hata hadithi yenyewe ilihusu nini. Siku ile watu walimpongeza yeye barazani, naye akapokea.

Wala si nyinyi peke yenu. Malaysia ilianza kutoa heshima ya Sasterawan Negara, yaani Mwandishi wa Taifa, mwaka 1981. Samad Said akaipata 1985, na aliistahili, sina kinyongo naye. Mwanamke wa kwanza kuipata ni Zurinah Hassan, mwaka 2015. Miaka thelathini na minne! Na wanawake hawakuwa wameanza kuandika jana: Rafiah Yusof alikwisha kutoa Cinta Budiman tangu 1941, kabla hata Vita vya Pili vya Dunia havijafika kwao. Salmi Manja alifariki Desemba 2023 bila kuipata.

Mengine ni madogo. Tazameni mwaka wa kitabu kabla ya kumpanga mtu wa pili. Tajeni jina lake kamili. Na nyinyi mabinti mnaoficha daftari chini ya godoro, yatoeni, nitayasoma mimi, na mwandiko mbaya hautanitisha.

Wewe uliyezungumza Jumamosi, usinikimbie njiani. Njoo Alhamisi baada ya alasiri, chai ya tangawizi ipo. Utaniandalia mazungumzo mengine ya robo saa, na safari hii Samad Said ndiye atakayepewa maneno matatu.

Bibi yenu