Anayetaka kufuga nyoka aanzie hospitali

Mhariri,

Vijana wanaotaka kufuga nyoka wenye sumu, wengine kwa kupenda tu na wengine kwa hesabu za kuonyesha watalii, huuliza swali lile lile: nyoka gani ni mpole wa kuanzia? Swali lenyewe limekaa vibaya. Nyoka wa sumu hachaguliwi kwa upole wala kwa rangi, huchaguliwa kwa dawa. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu nawe, uliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, vichupa vingapi, na lebo yake imetaja nyoka gani. Lebo isomwe kweli, maana dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India haimsaidii aliyegongwa na kifutu wa Usangu. Wala kichupa kimoja si dawa. Sumu ya kifutu au koboko inaweza kumaliza vichupa kumi na bado mgonjwa akahitaji vingine.

Kwa kipimo hicho, nyoka wanaowavutia wengi milimani kwetu ndio wa kuachwa kabisa. Yule mdogo wa kijani na manjano wa Mlima Rungwe, mwenye magamba ya kukwaruza, na ndugu yake wa Udzungwa mwenye vijipembe juu ya macho, hawana dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya sumu yao. Hali ni hiyo hiyo kwa yule mwembamba wa mitini anayefanana na kijiti kikavu. Mjerumani Robert Mertens, bingwa wa elimu ya nyoka, alifariki mwaka 1975 baada ya kuumwa na nyoka wa aina hiyo aliyekuwa akimfuga mwenyewe.

Anayeanza afuge kwanza nyoka asiye na sumu kwa mwaka mmoja au miwili, mfano yule wa kahawia anayeingia majumbani kufuata panya. Ni mwalimu mzuri kwa sababu ni mtoro. Akikutoroka hata mara moja, hujawa tayari kwa kifutu. Kibali cha mamlaka ya wanyamapori kitangulie yote haya. Huyo wa kahawia naye ni mnyamapori.

Kifutu, ambaye wengine humwita moma, hudanganya kwa utulivu wake. Amejikunja hatikisiki, mtu anadhani amezoea watu. Hajazoea, ndivyo anavyowinda. Usimkamate shingoni kama wafanyavyo kwenye video. Meno yake ni marefu na hukunjuka, naye akijipinda anaweza kukifikia kidole chako akiwa mkononi mwako.

Njia salama ni kutomshika kabisa. Ndani ya banda weka kisanduku cha maficho chenye kilango cha kuteremsha, unachokifunga ukiwa nje kwa kulabu ya mita moja. Akishaingia, teremsha kilango, hakikisha kwa macho kwamba yumo mzima mzima, kichwa na mkia, ndipo ufungue banda kusafisha au kubadilisha maji. Panya apewe akiwa amekufa, kwa koleo refu. Banda liwe na kufuli mbili, na tundu za wavu zisizidi milimita tatu. Wengi hupima wavu kwa unene wa mama wakasahau kwamba kifutu huzaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40 kwa mzao mmoja, kila mmoja na sumu yake tangu siku ya kwanza. Jike aliyetoka porini huenda ana mimba tayari. Uwazi chini ya mlango wa chumba nao uzibwe.

Baridi yetu ya Juni na Julai ina lake. Upande mmoja wa banda uwe na nyuzi 30 hadi 32, mwingine 22 hadi 25, balbu ikiwa nje ya wavu na ikiongozwa na themostati, kifaa kinachowasha na kuzima balbu kulingana na joto. Nyoka aliyeshiba akapoa hushindwa kusaga chakula, akatapika. Kwa hiyo wiki ya umeme wa kukatika-katika usimlishe. Kifutu mzima hafi kwa kukosa mlo wiki tatu. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kidogo, litakumaliza wewe kabla ya nyoka.

Ukigongwa: vua pete na saa, kiungo kisitikisike, funga banzi bila kukaza, gari liondoke. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usipoteze saa nzima na jiwe la nyoka, lile jeusi linalodaiwa kunyonya sumu. Andika mapema kwenye karatasi jina la nyoka, dawa yake, hospitali yenye dawa hiyo na namba ya dereva. Ibandike nje ya mlango wa chumba, kwa sababu atakayeisoma siku hiyo si wewe, naye hapaswi kuingia ndani.

Wafugaji wa nyoka wenye kibali,
Uyole, Mbeya