Barua kwa Khamis: gari zirukazo na safari zetu za kila siku

Wete, Pemba

Sahibu yangu Khamis,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, na karafuu zimeanza kuanikwa majamvini. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma kwa makini, hasa pale uliposema kwamba gari zirukazo zitatuondolea taabu ya usafiri karibuni hivi, na kwa kuwa jambo lenyewe lanigusa nimeona nikujibu kwa kirefu.

Kwamba gari yaweza kuruka, sibishi. Huko Marekani Moulton Taylor alirusha yake tangu mwaka 1949, na Juni 2021 gari ya Štefan Klein iliruka kutoka Nitra hadi Bratislava, nchini Slovakia, kwa dakika 35, ikakunja mbawa na kuingia barabarani. Lakini gari hiyo yataka njia ya kurukia ya mita zipatazo 300 na dereva mwenye leseni ya urubani. Mtu wa Fuoni anayekwenda kazini Darajani ataipata wapi njia hiyo, ikiwa uwanja wa ndege Unguja ni ule mmoja wa Kisauni? Na Mji Mkongwe wenyewe waujua: vichochoro ambavyo vespa ikipita mtembea kwa miguu hujibana ukutani, na mapaa ya nyumba za mawe na chokaa ambayo hayakujengwa yabebe chombo chochote.

Utaniambia viko vinavyopaa wima kwa umeme, na ni kweli. Tatizo lake ni uzito. Kujiinua wima hula nguvu nyingi mno, na betri, kilo kwa kilo, hubeba sehemu ndogo tu ya nishati iliyomo katika petroli. Tena petroli hupungua uzito kadiri inavyoungua, ilhali betri hutua na uzito ule ule ilioondoka nao. Ndiyo maana chombo cha kampuni ya EHang, kilichoidhinishwa China mwaka 2023, huchukua abiria wawili kwa masafa ya kilomita zipatazo 30, na mkondo ulioko baina ya Unguja na Pemba una upana wa kama kilomita 50. Cha Joby, kampuni ya Marekani, chatajwa kufika kilomita 160 kikiwa na abiria wanne. Kutoka Kisauni hadi uwanja wetu wa Pemba ni zaidi ya kilomita 120, na upepo wa kaskazi ukikikabili, akiba inayobaki siiamini.

Umeme nao twautegemea waya uliolazwa chini ya bahari. Hukusahau, naamini, ile miezi mitatu ya giza Unguja, Disemba 2009 hadi Machi 2010.

Hata hivyo najua kinachokusukuma. Tangu MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011, na MV Skagit Julai iliyofuata, wengi wetu hatuipandi meli bila ya moyo kudunda. Na mimi nimemwona bandarini Mkoani mama mjamzito aliyelazwa juu ya godoro, shemeji yake akimpepea kwa upepeo, wakingoja boti ya asubuhi iwapeleke hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa kuwa usiku hapakuwa na chombo chochote. Kwa mtu kama huyo, ndege ndogo ya kawaida yenye rubani aliye zamu usiku kucha ingetosha, na ndege hiyo ipo duniani leo, haingoji betri ya kesho.

Kwa hiyo nakuomba, kwa kuwa wewe huketi na wanaopanga mambo ya usafiri, fedha zikizungumzwa uitaje kwanza safari ya usiku ya wagonjwa wa Pemba, kisha daladala za kutosha kwa watu wa shamba. Gari zirukazo ziacheni wenye nazo wazijaribu kwanza.

Nisalimie Bi Mkubwa na watoto wote.

Wasalaam,
Ndugu yako, Othman