Barua kwa Mama Upendo: kabla ya mashine, ulizia gasketi

Soweto, Mbeya
12 Julai

Mama Upendo mpendwa,

Kamwene! Habari za Mafinga na baridi yake? Huku kwetu mwaka huu baridi imetukamata barabara. Asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, na koti silivui mpaka saa nne. Shemeji hajambo? Watoto je? Sisi wazima, Tumaini kafunga shule yuko nyumbani, tunamshukuru Mungu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Wewe mtoto wa mashamba ya chai ya Mufindi, leo unataka nyumbani kwako mashine ya espresso, ile kahawa nzito inayokamuliwa kwa shinikizo! Nimefurahi kweli. Pasaka ulipokunywa ile niliyokupikia nilikuona ulivyonyamaza na kikombe mkononi, nikajua imekuingia. Sasa unaniuliza ununue wapi: Kariakoo, kwa mpwa wako anayerudi kutoka Dubai, kwa wakala wa mizigo ya China, au umwambie binamu yako wa Marekani akutumie. Kwenye simu ningekujibu nusunusu, ndiyo maana nimeamua kukaa chini nikuandikie.

Nianze na swali ambalo mimi sikuuliza, na likanigharimu. Mashine yangu ya kwanza niliinunua Dar, kwenye duka moja la vyombo vya umeme, kwa laki tatu na nusu. Mpya, inang'aa, ubavuni ina stika ya bari 20, yaani kipimo cha shinikizo. Kwa miezi minane sikuwa na la kulalamika. Kisha asubuhi moja nikaona maji ya moto yanachuruzika pembeni ya ule mkono tunaojaza kahawa, badala ya kupita ndani ya kahawa yenyewe. Nikaukaza, yakazidi. Nilipochokonoa kwa bisibisi ikatoka gasketi: duara la mpira mweusi, unene wa penseli, limekauka na kuwa gumu kama ukucha. Nikalikunja kidogo, likakatika vipande viwili, na pale lilipokatika palikuwa pa kijivu kama majivu.

Mpira kuchoka si ajabu. Unakaa kwenye moto na kubanwa kila siku, kwa hiyo kila baada ya mwaka mmoja au miwili inabidi ubadilishwe, mashine iwe ya bei gani. Kilichoniumiza ni muuzaji. Nilipompigia alisema vipuri vya mashine ile hawaleti, ninunue nyingine. Fundi wa mafriji pale Mwanjelwa alinihurumia akanichongea gasketi kwa mpira wa tairi. Maji yakakoma kuvuja, lakini kikombe cha kwanza kilinuka gereji, cha pili na cha tatu vilevile. Kwa kipande cha mpira cha elfu chache, mashine ya laki tatu na nusu ikapanda juu ya kabati, na mpaka leo iko huko.

Kwa hiyo mwenzangu, kabla hujauliza bei, uliza gasketi itatoka wapi. Ukimpata mtu anayekujibu kwa kuvuta droo na kuiweka mezani, nunua kwake, hata akiwazidi wenzake kwa elfu hamsini au laki.

Binamu wa Marekani mshukuru, umwambie aache. Umeme wao ni volti 120, wetu ni 230. Ukiichomeka mashine yao moja kwa moja, hita itavuta nguvu karibu mara nne ya iliyotengenezewa, na itaungua kabla hujashika kikombe. Wapo watakaokushauri ununue transfoma. Mashine inayokula wati 1,300 inahitaji transfoma nzito, na hata ukiipata, umeme wa Marekani ni hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, na wetu 50, na pampu ndogo za mashine hizi hupiga kwa kufuata hezi, kwa hiyo itakuwa inapiga polepole kuliko ilivyokusudiwa.

Dubai ni afadhali. Volti zao zinatufaa, na plagi zao ni zilezile za pini tatu za mraba kama zetu. Mwambie mpwa wako apige picha kile kibati cha nyuma kinachoonyesha volti na wati, akutumie kabla hajalipa. Ila warantii ya dukani kule usiitegemee, maana ikiharibika hakuna atakayeirudisha. Kama lazima anunue huko, basi siku hiyohiyo anunue na gasketi mbili za mashine hiyo, aziweke kwenye begi lake la mkononi.

China kwa wakala mimi sikushauri kwa mashine ya kwanza. Huioni wala huisikii, na bei unayotajiwa mara nyingi haijahesabu ushuru na VAT ya asilimia 18. Ukiona mashine ambayo jina lake hulikuti popote isipokuwa kwenye tangazo hilohilo, basi gasketi yake nayo hutaikuta popote.

Na zile bari zisikubabaishe. Espresso hupikwa kwa bari 9 hivi. Hizo 15 na 20 za kwenye stika ni uwezo wa pampu, hazifiki zote kwenye kahawa na hazitakiwi zifike. Muulize muuzaji kipenyo cha kichujio, kile kikombe cha matundu kinachoshika kahawa. Milimita 58 ni saizi ya mashine nyingi za hotelini, kwa hiyo vichujio vyake na vifaa vyake vingine hupatikana kirahisi zaidi. Ile De'Longhi Dedica uliyonitumia picha ni ya 51. Si mbaya, ni nyembamba, upana sentimita 15, jikoni haitakusumbua, na inapata moto upesi. Nayo ulizia gasketi yake hivyohivyo.

Hii yangu ya sasa ni Gaggia Classic ya mtumba, yenye kichujio cha 58. Niliipata Dar kwa fundi anayetengeneza mashine za mahoteli. Siku ile sitaisahau. Nilikwenda na kahawa yangu mwenyewe ya Mbozi, nikamwambia sinunui mpaka ninywe. Hakununa hata kidogo. Alijaza maji, akaiwasha, tukasubiri dakika 15 ipate moto mpaka kwenye ule mkono wa chuma. Akapima gramu 18 kwenye mizani ndogo, akashindilia, akanipa simu yake nihesabu sekunde. Kwanza hakikutoka kitu, kisha matone meusi, kisha uzi mwembamba wa rangi ya asali iliyokolea, unajipinda ukishuka. Kwenye sekunde ya 28 akazima. Mizani ilisoma gramu 36. Baada ya hapo akafungua kichwa cha mashine mbele yangu, akanionyesha mpira mpya aliouweka, na wa akiba akanifungia kwenye karatasi. Ulipoisha ule wa akiba nilimpigia, akanitumia mwingine kwa basi, siku ya pili nikaupokea stendi ya Nanenane. Muuzaji wa namna hiyo ndiye ninayekuombea. Namba yake nitakutumia kwa simu.

Jambo jingine: usimalize pesa yote kwenye mashine. Kahawa iliyosagwa tayari inapoteza harufu haraka, na usagaji wake haukupimwa kwa mashine yako. Mashine ndogo nyingi zinakuja na kichujio chenye tundu moja dogo chini, ili hata kahawa ya paketi itoe povu. Povu utaliona, utamu hutauona. Bora mashine ya bei ya chini kidogo pamoja na kisagio kizuri cha mkono. Inauma kuishi jirani na Mbozi, tunaona buni inaanikwa vichanjani huko Vwawa, halafu tunakunywa unga uliokaa rafuni miezi.

Kuhusu jirani yako aliyekutisha kwamba huku milimani mashine hizi hazifanyi kazi, asikuhangaishe. Ni kweli hapa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya birika yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Lakini ndani ya mashine pampu inayasukuma kwa shinikizo, na joto analoitaka mpishi wa espresso ni hilohilo la 90 na kitu. Adui yetu ni baridi ya kikombe. Kipashe kwa maji ya moto kwanza, la sivyo kahawa kiasi kile inapoa kabla hujakaa. Nunua na stebilaiza, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndipo vitu huungua.

Ukinunua Dar, mwambie fundi amwage maji yote ya ndani kabla ya kufunga, na mashine isafiri imezungushiwa blanketi. Kona za Kitonga unazijua.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea nusu ya ile gasketi yangu iliyokatika. Nenda nayo dukani, iweke kaunta, useme: nionyeshe ya hii mashine yako. Na Jumatatu kuna basi la kupita Mafinga, nimemwachia kondakta nusu kilo ya Mbozi iliyokaangwa jana. Iache ipumue wiki moja kabla hujaigusa, hata kama mashine itakuwa imeshafika.

Msalimie sana Baba Upendo.

Wako akupendaye,
Mama Tumaini