Tunasafirisha hewa kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie hoja inayosikika sana hapa Dodoma, kwamba tukijengewa kiwanda kikubwa cha kurejeleza plastiki mifereji yetu itaacha kuzibwa na makopo ya plastiki. Mimi hununua makopo kwa kilo hapa Chang'ombe, na kwa ninavyoiona biashara hii, kiwanda hicho kitashinda na njaa ya malighafi, huku hasara yetu ikiendelea kutokea palepale inapotokea sasa, yaani barabarani.

Chupa tupu ya maji ya nusu lita haizidi sana gramu 10 na ushei, hivyo mwokotaji huinama mara 50 na zaidi kabla hajapata kilo 1. Mwaka jana nilikodi fuso la tani 7, tukalijaza viroba hadi turubai likakataa kufunika, lakini kwenye mizani ya mnunuzi Dar es Salaam mzigo wote haukufika tani 2. Nauli ya kilomita zipatazo 450 nililipa kamili, kwani mwenye gari hana habari kama umempakiza mahindi au hewa. Mnunuzi naye akakata uzito kwa ajili ya mchanga na vizibo, nami sikuwa na la kubisha, maana upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi tunaujua.

Sibezi kiwanda kikubwa. Plastiki ya chupa za maji huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 250, na isipokaushwa barabara kabla ya hapo hupoteza nguvu yake. Mitambo ya kazi hiyo ni ghali, na gharama yake hurudi pale tu inapofanya kazi usiku na mchana bila kukosa malighafi. Malighafi ya kiasi hicho iko Dar es Salaam, si kwetu. Isitoshe, bei ya plastiki mpya hufuata bei ya mafuta: mwaka 2020 mafuta yaliposhuka, plastiki iliyorejelezwa ilikosa ushindani, na katika hali kama hiyo mwenye mkopo wa mitambo huumia kuliko mwenye banda na mizani.

Wapo wanaotushauri tuyeyushe wenyewe kwa kuni tutengeneze matofali ya kutandika uani. Kipande cha bomba la PVC kikiingia humo hutoa gesi ya asidi, na anayekoroga ni kijana asiye na hata kitambaa puani.

Kinachotufaa ni mashine ya kusaga na ya kugandamiza makopo na kuyafunga marobota, ziwekwe karibu na waokotaji. Vipande vilivyosagwa ukivitia kwenye pipa la maji, vya chupa huzama na vya vizibo huelea, ukaviengua kwa chujio kama povu la maharage. Maji yakishatuama hutumika tena, jambo ambalo si dogo katika mji huu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo wa namna hiyo ukinunua mashine moja ya marobota kwa kata mbili au tatu, fuso lilelile litapakia mara tatu ya mzigo wangu wa mwaka jana kwa nauli ileile, nami nitaweza kumwongezea mwokotaji bei ya kilo bila kungoja kiwanda.

Mnunuzi wa makopo,
Chang'ombe, Dodoma